Njia Iliyohamia Jikoni

Jumatatu ilikuwa siku ya kufua. Thirza Puddy aliwasha moto chini ya sufuria kubwa ya shaba, akaloweka mashuka ya mumewe, kisha akaacha mlango wa jikoni wazi ili mvuke utoke. Aliporudi kutoka kisimani na ndoo zake mbili alikuta njia imeingia ndani. Ilikuwa imevuka kizingiti, ikakata sakafu ya mawe kimshazari kati ya meza na kabati la vyombo, ikakomea mbele ya meko. Ilikuwa njia ya udongo mwekundu, pana ya kutosha jeneza na wabebaji wake, imedidimia katikati kwa kukanyagwa, na kingoni mwake kulikuwa na majani na maua madogo ya manjano yaliyokuwa yakichanua msimu ule.

Thirza aliijua mara moja. Ilikuwa Njia ya Kanisani. Alipitishwa juu yake akiwa kitoto cha kwenda kubatizwa, akaipita akiwa bibi arusi, akaipita tena akiwa nyuma ya jeneza la mwanawe. Aliweka ndoo chini, akatazama matope yaliyosambaa hadi kwenye miguu ya meza, akasonya. Alikuwa amepiga deki juzi tu.

"Reuben!" alimwita mumewe, aliyekuwa amelala chumba cha juu. "Njia imetuhamia."

"Njia gani?"

"Ya Kanisani. Iko hapa jikoni."

Reuben alikohoa kwa muda, maana kifua chake kilikuwa kibovu tangu majira ya baridi. "Basi yule bwana wa jumbani kaifunga kweli," alisema alipopata pumzi. "Imekosa pa kukaa, maskini."

"Na mimi nifulie wapi?"

"Iruke."

Akairuka, akafua.

Nethercott haikuwa kijiji hasa. Zilikuwa nyumba chache za mawe zilizoezekwa kwa majani makavu, zimejibanza chini ya kilima, hazina kanisa wala makaburi. Kanisa lilikuwa Wadlow, ng'ambo ya Uwanda Mrefu, na mnara wake ulionekana kutoka kila dirisha. Tangu zamani ambazo hakuna aliyejua mwanzo wake, watu wa Nethercott waliwabeba wafu wao katikati ya nyasi za Uwanda hadi Wadlow. Kufuata barabara kulikuwa ni kuzunguka vilima viwili na kinu cha maji, na watu walijua kwamba marehemu aliyezungushwa namna hiyo hupotelewa na mwelekeo, asipate mahali watu wake walipo.

Miaka michache baada ya vita vikubwa, jumba la Wadlow na ardhi yake yote, Uwanda Mrefu ukiwemo, lilinunuliwa na Kanali Harcourt-Dene. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililowachanganya watu. Kengele ya kanisa ilipopasuka, yeye ndiye aliyelipia mpya. Krismasi ilipofika aliwagawia watoto machungwa kwa mkono wake mwenyewe. Lakini dirisha la chumba alimokula kifungua kinywa lilitazama Uwanda, naye hakupenda kuona jeneza likipita wakati anavunja yai lake. Akazungusha waya Uwanda wote na kuweka lango la chuma lenye mnyororo.

Watu wa Nethercott walikwenda kushtaki. Hakimu akamtuma mpima ardhi, ambaye alikuta nyasi zimeota sawasawa kutoka upande mmoja hadi mwingine, maana njia ilikuwa imekwisha kuondoka.

"Hiyo njia yenu iko wapi?" hakimu aliuliza.

"Iko jikoni kwa Thirza Puddy, mheshimiwa," alijibu Jabez Croom, mwezekaji wa mapaa, ambaye kwa heshima ya mahakama alikuwa amevua kofia ingawa hakuwa amenyoa.

Hakimu alifikiri kidogo, akasema majiko ya watu hayamo katika mamlaka yake. Mchana ule alikuwa amealikwa chakula na Kanali, hivyo shauri halikukawia.

Nethercott ikazoea. Majirani walipita kuitazama njia, wengine wakaikanyaga kwa mguu mmoja kujaribu, na wote wakakubaliana kwamba ni yenyewe. Keziah Loveridge, mjane wa nyumba ya pili, aliganda mlangoni akiwa hajui afanye nini.

"Sasa Bi Thirza, viatu nivifute nikiingia au nikitoka?"

"Ukitoka, jirani. Humu ndimo kwenye matope."

Kasisi wa Wadlow naye alizunguka kwa baiskeli, akainamisha kichwa asijigonge kwenye boriti, akasali sala fupi juu ya kabati la vyombo. Alisema njia inaonekana iko katika hali nzuri. Kisha akanywa chai, akasifu keki, akaondoka kabla ya mvua.

Jioni ya Jumatatu ileile ya kufua ndipo wafu walipoanza kuja.

Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu walikuwa wakipita siku zote. Kila aliyewahi kubebwa kwenye Njia ya Kanisani aliipita tena jua linapozama, kutoka nyumbani kwake hadi makaburini, kama watu wanavyorudi kutoka kazini. Zamani walipita nje, kwenye nyasi, bila kusimama wala kuonekana, na kilichohitajika ni kuwafungia mbwa saa hiyo. Sasa njia ilikuwa imeishia kwenye meko ya Thirza, nao wakaingia kwa mlango wa jikoni mmoja mmoja, kila marehemu akitangulia na jeneza lake likimfuata mabegani mwa wabebaji. Walipofika mbele ya moto walisimama. Hapakuwa na mbele tena. Wakashusha majeneza taratibu wasikwaruze sakafu, wakakaa.

Walikuwa wengi, na jiko halikuwa kubwa, lakini walienea. Wa karibuni Thirza aliwajua kwa majina. Wa nyuma yao aliwatambua kwa pua na masikio, maana pua ya akina Croom haijawahi kumruka mtu. Wa nyuma kabisa walivaa ngozi na magunia na walizungumza lugha ambayo hakuna aliyeielewa, ila walipotazama mnara wa kanisa dirishani walivua kofia kama wengine. Thirza aliwapa chai. Hawakunywa, walishika vikombe kwa mikono miwili, na vikombe vilipoa papo hapo. Baadhi ya wabebaji walikuwa ni watu walio hai bado. Jabez Croom, aliyekuja kuazima msumeno, alijiona akiwa kijana chini ya jeneza la baba yake.

"Nilikuwa mwembamba," alisema.

"Ulikuwa unafanya kazi," Keziah akamjibu kutoka mlangoni.

Wa mwisho kuingia alikuwa msichana mdogo mwenye gauni jeupe, na nyuma yake jeneza jeupe lililobebwa na wasichana wanne waliovaa glavu nyeupe, kama ilivyo desturi anapofariki msichana. Alisimama katikati ya jiko, akaangaza macho kwenye sufuria na vikombe, akamwona aliyemtafuta.

"Mama," alisema Letty Puddy, "tumefika?"

Alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa koo kabla ya vita, akiwa na umri wa miaka sita. Thirza alikuwa amekumbuka kila kitu chake, nywele, alama ya kuungua kwenye kiganja, namna alivyokula mkate kuanzia katikati. Sauti ndiyo aliyokuwa ameisahau. Alikaa chini kwenye jeneza la mtu mwingine, akalia kwa furaha mbele ya wazee wa karne zote, nao kwa adabu wakatazama moto.

"Bado, mwanangu," alisema alipoweza. "Njoo ukae na mimi kwanza."

Tangu siku hiyo Thirza alifanya kazi zake mbiombio. Alikanda mkate asubuhi na mapema, akapiga pasi kabla ya chakula cha mchana, akampandishia Reuben uji wake, na jua lilipoanza kushuka alikuwa amekwisha kuvaa aproni safi na kushika kitana mkononi. Alimchana Letty nywele. Alimsimulia nani kaoa nani. Mtoto alisikiliza, akacheka panapochekesha, na kila baada ya muda aliuliza kama wamefika. Giza likikamilika, wafu walinyanyua majeneza yao, wakarudi walikotoka bila kufika walikokwenda. Jikoni ilibaki harufu ya sufu iliyolowa.

Lakini hawakuwa wamezoea kurudi. Jioni baada ya jioni Thirza aliona wanavyochoka. Wazee walianza kuja wakiegemea majeneza yao wenyewe. Soli za viatu vya Letty, vilivyokuwa vipya siku ya mazishi, zililika mpaka vidole vikaonekana, naye akaacha kucheka. Alikaa akisinzia, akishtuka, akiuliza swali lake lile. Thirza aliona yote hayo na hakumwambia mtu. Alikuwa na mwanawe, na moyo wake haukutaka kusikia zaidi ya hapo.

Jioni moja Reuben aliomba majirani waitwe, na Jabez amshushe chini. Jabez alimbeba mgongoni, na alishangaa jinsi alivyokuwa mwepesi mtu aliyewahi kusuka nyua za miti hai za wilaya nzima kwa mikono yake. Reuben aliwekwa kwenye kiti karibu na moto. Aliwasalimu wafu kwa kichwa, akamtazama Letty kwa muda mrefu.

"Mtoto amechoka, Thirza."

"Yuko nyumbani."

"Hayuko nyumbani. Yuko njiani."

Alijua ni kweli, na alimchukia mumewe kwa muda mfupi, kama anavyoweza kuchukiwa mtu anayependwa sana.

"Mimi siku zangu zimekaribia," Reuben alisema. "Usinikatize. Nikifa, nipitisheni Uwanda. Kila mtu hapa anajua, alipopitishwa maiti ni njia, hata mfalme hawezi kuifunga. Nitaifungua kwa mgongo wangu, halafu huyu nitampeleka akalale. Nitamshika mkono mwenyewe."

"Na lango?" Jabez aliuliza.

"Mnalirusha jeneza juu. Mimi sitalalamika." Akacheka, akakohoa. "Ila sikilizeni. Mtu asimwombe ruhusa. Na mtu asimshukuru. Mkimwomba, mmesema ni yake. Mkimshukuru, mmekwisha kuomba. Maiti aliyepita kwa ruhusa hafungui kitu. Huyo ni mgeni tu aliyekaribishwa."

Haya nayo watu wa Nethercott waliyajua tangu utotoni, lakini walimsikiliza kama wanayasikia mara ya kwanza, kwa kuwa aliyekuwa akisema ndiye atakayebebwa. Reuben aliwaapisha watakaombeba mmoja mmoja.

"Kwangu rahisi," Jabez alisema. "Sijamshukuru mtu tangu nizaliwe."

"Mkeo alisema hivyo mpaka anaingia kaburini," akasema Keziah. Kutoka miongoni mwa wafu, marehemu mke wa Jabez alitikisa kichwa kukubali.

Reuben alimwapisha na Thirza, akamkazia macho kuliko wote. Thirza alikuwa ametumikia katika jumba la Wadlow tangu alipokuwa msichana mdogo hadi alipoolewa, zama za wenyewe wa kale, kabla ya Kanali. Huko alifundishwa kusema asante, bwana, na asante, bibi, kwa kila jambo. Alisema asante alipopewa mshahara na asante alipokaripiwa, na kila asubuhi alisema asante alipokabidhiwa chungu cha mkojo akakimwage.

"Naapa," alisema Thirza. "Kwani mimi mtoto?"

Reuben alikufa mwanzoni mwa Juni, nyasi za Uwanda zikiwa zimefika kifuani na hazijakatwa. Thirza alimwosha, akamvika shati la harusi, akamwekea glavu zake za ngozi za kushikia miiba. Alasiri wabebaji walikuja wakiwa wamenyoa, hata Jabez. Waliingia jikoni, wakanyanyua jeneza, na walipogeuka kuelekea mlangoni njia ikatikisika chini ya miguu yao. Ilijikunyata kutoka kwenye meko, ikapita chini ya meza, ikalifuata jeneza nje kama mbwa anayemwona bwana wake akichukua fimbo.

Kisha ikatangulia. Ilishuka mteremko mbele ya wabebaji, nyekundu katikati ya kijani, na ilipopita mawe yalijipanga na madimbwi yalisogea kando. Watu wa Nethercott, wote waliokuwa na uwezo wa kutembea, waliifuata kimya. Jua lilikuwa bado juu, lakini wafu hawakungoja jioni. Walitoka katika kila nyumba, na pale ambapo zamani palikuwa na nyumba na sasa ni magugu na mawe tu, walitoka vilevile. Waliovaa magunia walitoka kilimani. Walishuka na majeneza yao, na wasiokuwa na majeneza, maana kulikuwa na nyakati ambazo mbao zilikuwa ghali, walikuja na sanda zao zimefungwa kwa kamba. Hawakufanya kelele yoyote. Thirza aligeuka mara moja, akaona kilima kizima kinatembea, majeneza yakielea juu ya nyasi ndefu safu kwa safu mpaka macho yanapokomea, na juu yake mbayuwayu wakiruka kama siku yoyote. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba watu wa mahali padogo hivyo wangeweza kuwa wengi kiasi hicho. Letty alikuwa amemshika mkono. Mkono wake ulikuwa mdogo na baridi, na miguu yake haikuburuta tena.

"Sasa tunakwenda kweli," mtoto alisema.

"Sasa tunakwenda kweli," Thirza alimwitikia, akaushika zaidi ule mkono, maana alijua ng'ambo ya lango atauachia.

Walipolikaribia lango waliona nyasi za upande wa pili zinagawanyika. Nusu nyingine ya njia ilikuwa inatoka kanisani kuja kuwapokea. Ilikuja haraka, ikiangusha nyasi kushoto na kulia, mpaka ikafika chini ya chuma, na nusu yao nayo ikafika, na kati yao pakabaki hatua mbili tu. Udongo wa pande zote mbili ulikuwa unatetemeka. Wazee wa Nethercott, waliokuwa hai na waliokuwa wafu, walivua kofia. Jabez aliwaambia wenzake kwa sauti ya chini wajiandae kunyanyua.

Ndipo Kanali alipotokea akitembea kwa miguu kutoka jumbani kwake, amevaa tai nyeusi, kofia mkononi na ufunguo katika mkono mwingine. Alikuwa ameona msafara kutoka dirishani. Aliwaona wote, na kwa kuwa alikuwa mtu mwenye malezi aliwainamia kichwa wafu kwa utaratibu wa umri wao, wa magunia kwanza. Kisha akafungua mnyororo, akalivuta lango likawa wazi kabisa.

"Siwezi kuacha mtu arushwe juu ya chuma kama gunia la viazi," alisema. "Pitieni, tafadhali. Nawakaribisha."

Hakuna aliyejibu. Jabez aliuma meno mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Wabebaji walipita na jeneza wakimtazama Kanali usoni kama watu wanaotazama ukuta, na njia ikaanza kusogea chini yao, shubiri kwa shubiri, kuziba ile nafasi. Keziah alipita na kitambaa mdomoni. Wengine walipita. Akabaki Thirza na mtoto, na nyuma yao kilima kizima kikingoja.

Kwenye nguzo ya lango palikuwa na dimbwi ambalo ng'ombe walikuwa wamelivuruga. Thirza aliinua sketi yake nyeusi, akasita. Kanali akaingia kwenye matope na viatu vyake vizuri, akampa mkono, akamvusha kwa upole kama anavyovushwa mama mzazi.

"Pole sana, Bibi Puddy," alisema. Na alimaanisha.

"Asante, bwana," alisema Thirza.

Alilisema kwa sauti ya kawaida. Hakukuwa na ngurumo, wala upepo. Njia ilisimama ilipokuwa, upana wa kiganja kabla ya kukutana, kisha ule upande wa kanisani ukaanza kurudi nyuma, na nyasi zikainuka juu yake moja moja. Wafu walivaa kofia zao. Wa mbele waligeuka, wakawaambia wa nyuma, nao wakawaambia wa nyuma yao, na neno lilipopanda kilima watu walianza kurudi. Mkono wa Letty ulimtoka Thirza bila kuvutwa. Alipogeuka, mtoto alikuwa amekwisha kuingia katika safu ya wanaorudi, na miguu ilikuwa ikiburuta.

Walio hai waliendelea, kwa kuwa jeneza likishanyanyuliwa haliwezi kurudishwa. Reuben Puddy alizikwa Wadlow kando ya mwanawe, na kasisi alisoma vizuri. Kanali alisimama nyuma kanisani, akaimba nyimbo zote.

Hakuna aliyemlaumu Thirza. Wakati wa kurudi Jabez alitembea naye bega kwa bega.

"Usijitese, shemeji. Hata mimi neno lile lilikuwa mdomoni. Nimeuma ulimi mpaka damu."

"Lakini ulilimeza."

"Mimi sikulelewa," Jabez alisema.

Wengine walijiuliza pembeni kama ni mazoea ya jumbani yaliyomponza, au ni ule mkono mdogo uliokuwa ndani ya mkono wake. Thirza naye alijiuliza. Kila alipojiuliza alipata jibu, na majibu hayakufanana.

Wiki iliyofuata palipigiliwa kibao kwenye lango: Njia hii ni kwa hisani ya mwenye ardhi. Mnyororo ulibaki, lakini aliyetaka kupita alikwenda jumbani, akabisha mlango wa nyuma, akaomba ufunguo, na Kanali hakumnyima mtu. Watu wengi waliona ni nafuu kuliko kuzunguka kwa kinu. Asubuhi ukifungua dirisha huko Nethercott ulisikia sauti ya lango, kisha asante, bwana, kisha lango tena. Mpima ardhi alirudi, akaandika kwamba mgogoro umekwisha kwa maelewano.

Njia ilikuwa imerejea jikoni kabla Thirza hajafika kutoka mazishini. Ililala mahali pake palepale, na Thirza alizoea kuiruka akiwa na sufuria mkononi. Jioni wafu waliendelea kuja. Alisogeza meza ukutani ili wapate nafasi, na Keziah alimletea benchi.

Jumapili Reuben alikuja nao. Aliingia wa kwanza, amevaa shati la harusi na glavu zake, jeneza jipya likimfuata na Jabez akiwa upande wa mbele kushoto. Hakukohoa. Alitazama jiko kama mtu aliyetoka safari fupi, akakaa kwenye kiti chake karibu na moto. Thirza alisimama na kisu na kiazi mkononi. Alifurahi kumwona mpaka akaona aibu, na aibu haikuipunguza ile furaha hata kidogo. Alitaka kumwambia jambo. Reuben aliinua mkono wenye glavu, taratibu, kumwonyesha kwamba hakuna haja.

Letty aliingia wa mwisho. Alimwona baba yake, akapita katikati ya majeneza, akapanda mapajani mwake na kuegemeza kichwa kifuani. Wazee waliovaa magunia walisogea kumpa mtoto joto la moto.

"Baba," alisema, macho yakiwa yamefumba, "wewe ulipita langoni. Umefika?"

Reuben alimtazama mkewe, kisha akatazama udongo mwekundu ulioishia kwenye ncha za viatu vyake.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Niliruhusiwa tu."

Thirza alisikia. Akainamisha kichwa, akaendelea kumenya viazi.